Walowezi Waliomkana Mfalme Wao

Mwanzoni mwa mwaka 1763 ilikuwa vigumu kupata raia waliojivunia Ufalme wa Uingereza kuliko walowezi wa Amerika Kaskazini. Vita vya Miaka Saba vilikuwa vimekwisha, Wafaransa wamenyang'anywa Kanada, na George wa Tatu, kijana wa miaka 24, alikuwa akiombewa makanisani Boston kama alivyoombewa London. Walowezi walijihesabu Waingereza kamili. Walipotaka kutetea jambo lolote la siasa, walisema ni haki ya Mwingereza. Miaka 13 baadaye wajumbe wao waliketi Philadelphia wakamwandika mfalme yule yule kuwa dhalimu asiyefaa kutawala watu huru.

Mwaka 1763 hakuna aliyekuwa amepanga safari hiyo ya kutoka utiifu hadi uasi. Kinachonigusa zaidi katika habari zake ni kwamba kila mara London ilipotaka kuonyesha nani mwenye kauli, walowezi walijifunza jambo jipya la kujitawala. Siku ya kutangaza uhuru ilipofika, kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika, tena ilifanyika katika vijiji ambavyo wengi hatujawahi kuvisikia.

Makoloni yalikuwa 13, yamepangana kando ya Atlantiki kutoka New Hampshire hadi Georgia. Lile la kwanza, Virginia, lilianza Jamestown mwaka 1607. Kufikia miaka ya 1770 yalikuwa na watu wapatao milioni 2.5, na mmoja katika kila watano alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Kila koloni lilikuwa na baraza lililochaguliwa na wanaume wenye mali. Baraza ndilo lililopanga kodi, na mara nyingi ndilo lililoidhinisha hata mshahara wa gavana aliyeletwa na mfalme. Gavana mkaidi angeweza kukaa na njaa. Zilikuwapo sheria za kuwalazimisha walowezi kupitishia tumbaku na bidhaa nyingine katika bandari za Uingereza, lakini bahari ni pana na maofisa wa forodha walikuwa wachache. Magendo yalikuwa biashara ya watu wenye heshima.

Msomaji wa Afrika Mashariki awe macho hapa. Sisi tukisikia watu wameng'oa utawala wa Mwingereza, humfikiria mwenyeji anayedai ardhi ya babu zake, kama wapiganaji wa Mau Mau au wanachama wa TANU. Wamarekani wa mwaka 1776 walikuwa walowezi, wamekalia ardhi iliyokuwa ya wengine. Wanaokaribiana nao katika bara letu ni Ian Smith na wenzake wa Rhodesia, ambao tarehe 11 Novemba 1965 walijitangazia uhuru kutoka Uingereza kwa tamko lililofuata muundo wa lile la Marekani. Tofauti baina yao ni nyingi, lakini tusipoanzia hapo hatutaelewa kwa nini watu waliopigania uhuru kwa ujasiri mkubwa namna ile waliwaacha wengine wengi katika minyororo.

Ugomvi ulianza na deni. Vita vilikuwa vimekaribia kuliongeza mara mbili deni la Uingereza, likapita pauni milioni 120. Serikali iliamua pia kuacha maelfu ya wanajeshi Amerika, na Waziri Mkuu George Grenville aliona ni haki walowezi wachangie gharama ya kulindwa. Ukimsikiliza kwa utulivu, hoja yake haikuwa ya kipuuzi, maana Mwingereza wa kawaida alilipa kodi nzito kuliko mlowezi. Lakini walowezi walijiuliza wanalindwa dhidi ya nani, ikiwa Mfaransa ameshaondoka. Tena Oktoba 1763 mfalme alikuwa ametoa amri kwamba wasivuke milima ya Appalachia kwenda kukaa magharibi, akitaka kuepuka vita zaidi na wenyeji asilia. Amri hiyo iliwaudhi wakulima maskini, na iliwaudhi vilevile matajiri walionunua na kuuza ardhi, akiwamo mkulima mkubwa wa Virginia aitwaye George Washington.

Mwaka 1764 Grenville alipunguza ushuru wa molasi ya kigeni kutoka peni 6 hadi peni 3 kwa galoni. Badala ya kushukuru, wafanyabiashara wa Boston walipiga kelele, kwa sababu ushuru wa zamani ulikuwa haukusanywi na huu mpya ulikusudiwa kukusanywa kweli. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Stempu. Kila gazeti, kila hati ya mahakama, kila leseni, cheti cha chuo, hata karata za kuchezea, vilipaswa kuwa na mhuri uliolipiwa. Kwa sheria hiyo moja Grenville alijipatia maadui watatu kwa mpigo: wachapishaji, wanasheria na wenye vilabu vya pombe. Sijui watu gani wengine wangeweza kueneza malalamiko upesi kuliko hao.

Malalamiko yao yalikuwa na msingi mmoja. Kodi, kwa desturi ya Kiingereza, ni zawadi ambayo watu humpa mfalme kupitia wawakilishi wao. Walowezi hawakuwa na mbunge hata mmoja London. Bunge lile likiweza kuchukua senti moja bila idhini yao, litashindwa vipi kuchukua mia? Kiasi cha kodi hakikuwa hoja. Hoja ilikuwa nani mwenye haki ya kuitoza. London ilijibu kwamba Bunge huwawakilisha raia wote wa mfalme, wawe wamepiga kura au hawakupiga. Jibu hilo halikumridhisha mtu aliyezoea kumchagua mjumbe wake mwenyewe na kumfokea barazani.

Tarehe 14 Agosti 1765 watu wa Boston walitundika mtini sanamu ya matambara ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kuuza stempu. Siku 12 baadaye kundi jingine lilivunja nyumba ya Thomas Hutchinson, naibu wa gavana, likatoa samani, likatawanya vitabu na karatasi zake barabarani, na kuiacha kuta tupu. Oliver alijiuzulu, na wenzake wa makoloni mengine wakafuata. Oktoba wajumbe wa makoloni tisa walikutana New York, jambo geni kwa watu waliozoea kuoneana wivu. Machi 1766 Bunge lilifuta sheria. Lakini siku hiyo hiyo lilipitisha nyingine iliyosema kwamba lina mamlaka ya kuwatungia walowezi sheria katika mambo yote bila kasoro. Walowezi walishangilia ya kwanza, ya pili wakaipuuza.

Mwaka 1767 waziri wa fedha, Charles Townshend, alileta ushuru wa vioo, karatasi, rangi, madini ya risasi na chai. Walowezi walijibu kwa kususia bidhaa za Uingereza. Wanawake, ambao hakuna baraza lililowahi kuwauliza maoni, ndio waliobeba mzigo wa mgomo huo: walisokota nyuzi, wakafuma nguo nyumbani, wakaacha chai. Oktoba 1768 wanajeshi walishushwa Boston kulinda maofisa wa forodha. Jeshi la kudumu ndani ya mji wa raia, wakati wa amani, halikosi kuzua balaa. Usiku wa tarehe 5 Machi 1770 kundi la watu liliwarushia askari mabonge ya theluji na vipande vya barafu, na askari wakafyatua risasi. Watu watano walikufa. Wa kwanza wao kutajwa siku zote ni Crispus Attucks, baharia mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji asilia. Wakili John Adams, aliyeuchukia ushuru kama jirani zake, alikubali kuwatetea askari hao, na baraza la mahakama la watu wa Massachusetts likawaachia wengi wao. Wawili tu walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, wakachomwa chapa kwenye dole gumba. Naliheshimu jambo hilo. Watu wenye hasira ya haki waliweza bado kutenda haki.

Ushuru wa Townshend ulifutwa mwaka huo huo, isipokuwa wa chai, uliobakizwa makusudi ili haki ya Bunge isisahaulike. Kwa miaka mitatu hali ilitulia. Kisha Kampuni ya India Mashariki ikakaribia kufilisika, maghala yake yamejaa mamilioni ya ratili za chai isiyo na mnunuzi. Mwaka 1773, Lord North sasa akiwa ndiye waziri mkuu, Bunge liliiruhusu kampuni hiyo kupeleka chai Amerika moja kwa moja na kuiuza kupitia mawakala wake yenyewe. Chai ingekuwa rahisi kuliko ya magendo. Walowezi waliona mtego: wakinunua chai rahisi, watakuwa wamekubali kodi, na wafanyabiashara wote wasio vipenzi wa kampuni watakosa riziki.

Miji mingine iliwatisha mawakala wakajiuzulu, au meli zikarudishwa. Kule Boston hilo halikuwezekana, kwa kuwa Hutchinson, sasa gavana, alikataa kuziruhusu meli kuondoka kabla ya kulipa ushuru, na wanawe wawili walikuwa miongoni mwa mawakala. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1773, baada ya maelfu kukusanyika katika kanisa la Old South, wanaume waliojipaka masizi na kujifunga mablanketi walishuka hadi gati la Griffin, wakapanda meli tatu, Dartmouth, Eleanor na Beaver, wakapasua makasha 342 na kumwaga chai yote baharini. Walifanya kazi kwa muda wa saa tatu, kwa utaratibu, bila kumdhuru mtu.

Habari zilifika London mwezi Januari, na mtu aliyelipia alikuwa Benjamin Franklin. Mzee huyu, aliyezaliwa Boston mwaka 1706, alikuwa ameishi London miaka mingi akiwa wakala wa makoloni, na hakuna aliyependa kuuona Ufalme ukibaki mmoja kuliko yeye. Wakati wa Sheria ya Stempu alikuwa amempendekeza hata rafiki yake apewe kazi ya kuuza stempu Pennsylvania. Sasa aliitwa mbele ya Baraza la Mfalme, tarehe 29 Januari 1774, kwa sababu alikuwa amepeleka Boston barua za siri za Hutchinson zilizoshauri walowezi wapunguziwe uhuru wao. Mwanasheria wa serikali, Alexander Wedderburn, alimtukana kwa muda mrefu huku mabwana wakubwa wakicheka. Franklin alisimama kimya, uso haukutikisika. Muda mfupi baadaye alifukuzwa kazi ya usimamizi wa posta Amerika. Serikali ilikuwa imemdhalilisha mpatanishi wake bora hadharani, na sioni kosa la kijinga zaidi ya hilo katika ugomvi wote. Alirudi Amerika mwaka 1775 akiwa mwasi. Mwanawe William, gavana wa New Jersey, alibaki upande wa mfalme, akakamatwa, na mapenzi ya baba na mwana hayakurudi tena kama zamani.

Adhabu ya Boston ilikuwa kali. Kuanzia tarehe 1 Juni 1774 bandari ilifungwa hadi chai ilipwe. Sheria nyingine ilibadilisha katiba ya koloni zima la Massachusetts: baraza la juu sasa liteuliwe na mfalme, na mikutano ya miji izuiwe isipokuwa mmoja kwa mwaka, labda gavana aruhusu. Jenerali Thomas Gage aliletwa kuwa gavana.

Wengi wakisimulia historia hii huruka kutoka chai hadi risasi. Mimi nakaa hapa kwanza, kwa sababu ndipo utawala wa mfalme ulipoanguka hasa. Mkulima wa bara hakuwa na shida kubwa na bei ya chai, lakini mkutano wa mji ulikuwa wake. Hapo ndipo alipopanga barabara, shule na kodi ya kanisa. Kuanzia Agosti 1774 wakulima walianza kuzifunga mahakama za mfalme, moja baada ya nyingine. Tarehe 6 Septemba wanamgambo 4,622 kutoka vijiji 37 waliingia mji wa Worcester na kujipanga pande mbili za barabara kuu. Majaji na maofisa wa mahakama walilazimishwa kupita katikati yao, kofia mkononi, wakisoma kwa sauti maneno ya kujiuzulu. Kwa kuwa mstari ulikuwa mrefu na walio mbali hawakusikia, walisoma zaidi ya mara 30. Hakuna aliyeuawa. Gage alikuwa amekusudia kutuma askari kulinda mahakama ile, lakini alipopata picha ya hali ilivyo huko bara, aliacha.

Oktoba watu wa Massachusetts walianzisha bunge lao lisilotambuliwa na gavana, John Hancock akiwa mwenyekiti, na miji ikaambiwa ipeleke kodi kwa mweka hazina mpya badala ya yule wa mfalme. Nje ya Boston, mfalme hakuwa tena na hakimu wala mtoza kodi wa kumtii. Mwezi Septemba wajumbe wa makoloni 12, wote isipokuwa Georgia, walikuwa wamekutana Philadelphia katika Kongresi ya Bara. Walikubaliana kususia bidhaa za Uingereza na kuagiza kila mji, wilaya na mkoa uchague kamati ya kusimamia mgomo. Kamati hizo zilikagua maghala, zikachapisha majina ya wakaidi, zikafundisha mgambo. Ziliwaonea pia watu. Aliyesema vibaya juu ya Kongresi aliweza kumwagiwa lami na kubandikwa manyoya, na wapo waliokimbia makwao kwa kumheshimu tu mfalme waliyemwapia.

Kilichobaki kilikuwa cheche. Usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 Gage alituma askari wapatao 700 kuteketeza silaha zilizofichwa Concord. Paul Revere na William Dawes walitangulia kwa farasi kuamsha vijiji. Alfajiri, katika uwanja wa Lexington, askari walikuta wanamgambo wasiofika 80 chini ya Kapteni John Parker. Risasi ikalia, na wanamgambo wanane wakafa. Aliyeipiga ya kwanza hajajulikana hadi leo. Concord walikuta upinzani zaidi, na njia yote ya kurudi Boston wakulima waliwapiga kutoka nyuma ya kuta za mawe na miti. Waingereza 73 waliuawa siku hiyo. Mwezi Juni, kwenye kilima kilichokuwa ng'ambo ya Boston, katika vita viitwavyo vya Bunker Hill, walishinda kwa kupoteza zaidi ya watu 1,000 waliouawa na kujeruhiwa.

Lakini hata damu hii haikuleta neno uhuru vinywani. Kongresi ilimfanya Washington jemadari, na Julai ikamwandikia mfalme ombi la amani. Walimwona bado baba aliyedanganywa na mawaziri wabaya. George wa Tatu alikataa kulipokea ombi, na Agosti akawatangaza kuwa waasi. Januari 1776 kikatoka kitabu kidogo kiitwacho Common Sense, kazi ya Thomas Paine, Mwingereza aliyekuwa na muda unaozidi mwaka kidogo tu Amerika. Paine aliandika kwa lugha ya mtu wa karakana, akasema waziwazi kile ambacho waungwana waliogopa: tatizo si mawaziri, ni ufalme wenyewe. Kilisomwa vilabuni na kambini, na baada ya miezi michache mabaraza yenyewe yalianza kuwaagiza wajumbe wao wapige kura ya kujitenga.

Kusini palikuwa na sababu nyingine ya kutaka kujitenga, na si ya kupendeza. Novemba 1775 Lord Dunmore, gavana wa Virginia, alitangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaokuja kumpigania mfalme. Mamia walimkimbilia, wakaundiwa kikosi. Mabwana wengi waliokuwa wakisitasita waliamua siku ile kwamba hakuna kurudi kwa mfalme.

Tarehe 2 Julai 1776 makoloni 12 yalipiga kura ya kujitenga, New York ikijizuia, na tarehe 4 Kongresi ikapitisha Tamko la Uhuru. Mwandishi wake, Thomas Jefferson, alikuwa na miaka 33. Aliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, naye katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Rasimu yake ilimlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa. Wenzake waliifuta aya hiyo. Siku chache baadaye watu wa New York waliiangusha sanamu ya mfalme iliyokuwa ya madini ya risasi, ikayeyushwa kutengenezwa risasi za bunduki.

Vita vilivyofuata vilikuwa virefu. Washington alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, lakini jeshi lake halikufa, hata katika kambi ya Valley Forge, ambako maradhi yaliua watu wapatao 2,000 katika kipupwe cha 1777 na 1778. Oktoba 1777 jeshi zima la Jenerali Burgoyne wa Uingereza lilijisalimisha Saratoga, na Februari iliyofuata Franklin akapata alichokwenda kutafuta Paris: Mfaransa aliingia vitani. Bila manowari zake, Jenerali Cornwallis, Mwingereza mwingine, asingezingirwa Yorktown, ambako alijisalimisha tarehe 19 Oktoba 1781. Mkataba wa amani ulitiwa saini Paris tarehe 3 Septemba 1783.

Uhuru uliwafungulia bahari. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts, walifika hadi Unguja kutafuta pembe za ndovu na sandarusi, wakaleta kitambaa ambacho pwani yetu yote ilikiita merikani. Nchi yao ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833.

Lakini uhuru huo haukuwa wa wote. Wenyeji asilia hawakutajwa hata mara moja katika mkataba wa Paris, ingawa ardhi iliyogawanywa hadi mto Mississippi ilikuwa yao. Na ule mpaka wa milima ya Appalachia wa mwaka 1763 haukumzuia mlowezi tena. Waafrika waliokimbilia upande wa Waingereza walijua wenyewe wakitafuta nini. Mwaka 1783 Washington alimwomba Jenerali Guy Carleton wa Uingereza awarudishe kwa mabwana zao. Carleton alikataa, akaagiza waandikwe katika daftari, na watu 3,000 hivi wakaondoka New York kwa meli kwenda Nova Scotia. Mmoja wao aliitwa Harry Washington. Alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa, akawa mtumwa wa George Washington mwenyewe huko Mount Vernon, akatoroka mwaka 1776. Nova Scotia walipewa ardhi mbaya na ahadi hewa, na mwaka 1792 yeye na wenzake wapatao 1,200 walivuka bahari hadi Sierra Leone na kuanzisha mji wa Freetown. Huko kampuni ya Kiingereza iliyotawala iliwadai kodi ya ardhi ambayo hawakuikubali. Mwaka 1800 waliasi na kutangaza sheria zao wenyewe. Uasi ulizimwa kwa bunduki, na Harry Washington akahukumiwa kufukuzwa Freetown, akapelekwa ufuko wa Bullom, ng'ambo ya mto.